Kimya cha Mwanafatuma

Msichana aliyekwisha kuposwa hamwiti mchumba wake. Hiyo ni adabu inayojulikana kutoka Gazi mpaka Vanga, na asiyeijua hufundishwa na majirani zake bila ya kuwaomba. Kwa hiyo Bi Bimkubwa alipoingia dukani kwa Makame mchana wa Jumamosi ile, akajitia kuchaguachagua vifungo, kisha akainama juu ya cherehani na kunong'ona, "Mwanafatuma anataka kukuona," Makame nusura ajishone kidole.

"Kuniona mimi?"

"La, anataka kuiona cherehani! Wewe bwana, wewe. Yuko kwangu tangu asubuhi, hali wala hanywi. Ukishasali alasiri njoo, upitie uani. Na mtu akikuuliza, sema umekuja kunipima gauni."

"Kuna nini, Bi Bimkubwa? Ni mgonjwa?"

"Mie ni shangazi yake, si mdomo wake," alisema yule mama, akavirudisha vifungo vyote mahali pake na kutoka bila ya kununua hata kimoja.

Makame alibaki ameikodolea macho kanzu iliyokuwa chini ya sindano. Ilikuwa kanzu yake mwenyewe, ya harusi. Wiki tatu nzima alikuwa akiishona usiku na mchana, kila akipata nafasi kati ya kazi za watu, na alikuwa na furaha ya kipumbavu kiasi kwamba wateja walianza kumtania. Sasa moyo ulimdunda vibaya. Mchumba haiti watu kwa habari njema, hilo hata mtoto analijua.

Na tumwache avae shati jipya, maana lazima nieleze fundi wa nguo wa Msambweni alivyofika hapo.

Mwaka mmoja nyuma, Bi Bimkubwa huyo huyo alimletea uzi uliopigwa mafundo, fundo la kiuno, fundo la nyonga, fundo la urefu, akamwagiza kaptura pana inayopita magoti, ya kitambaa kigumu kisichopasuka. "Ya nani?" aliuliza Makame. "Ya kijana mmoja mwembamba," akajibiwa. Makame akaishona, akaisahau. Mwezi uliofuata alivuka Likoni kwenda Mombasa kununua vitambaa, akapita karibu na uwanja wa michezo, akasikia watu wanapiga kelele. Naye ni mtu anayependa kujua. Akaingia.

Wasichana sita walikuwa wamechutama kwenye mstari. Watano hakuwajua na mpaka leo hawajui. Wa sita alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa kwa nyuma, naye alivaa kaptura ya buluu iliyopita magoti. Makame aliitazama kaptura ile, akaona mishono mitatu ya kiunoni, akatambua mkono wake mwenyewe. Kijana mwembamba wa Bi Bimkubwa alikuwa mwanamke!

Hakupata hata nafasi ya kushangaa vizuri. Bastola ililia. Maisha yake yote Makame alidhani kukimbia ni kuharakisha, lakini yule msichana hakuonekana kuharakisha hata kidogo. Mabega yalishuka, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza habari nzuri, na miguu ilikuwa inaigusa ardhi kidogo tu na kuiacha. Alipoukata utepe wenzake walikuwa bado wanajitafutia mwendo. Uwanja mzima ulisimama. Bwana mmoja aliyekuwa karibu na Makame alivua kofia yake akairusha juu, na hakuiangalia tena ilikoangukia. Makame mwenyewe aligundua kwamba analia, akajisingizia vumbi.

Aliuliza, akaambiwa. Ni Mwanafatuma binti Othman, mwalimu wa skuli kule Gazi. Baba yake mzee Othman, mwuza boriti, alimruhusu kukimbia kwa sharti magoti yasionekane. Tangu siku ile Makame hakupata usingizi wa maana. Binti akaenda Nairobi akashinda, akaenda Kampala akawashinda wa nchi tatu, na kila jina lake lilipotajwa redioni Makame aliinua mkono kuwanyamazisha wateja. Wakubwa wangapi walikuwa wanamtaka! Yeye nani, fundi wa chumba kimoja mwenye mama wa kulisha? Alikaa na jambo lake karibu mwaka. Mwishowe akawatuma wazee kwenda kuposa, akakaa nyumbani akitetemeka, na jioni wazee wakarudi wanacheka. Binti ameulizwa mbele ya mashahidi. Amenyamaza. Na mwanamwali akinyamaza, amekubali.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, mwaka wa tatu tangu bendera ya Uhuru kupandishwa, na zilibaki wiki mbili tu kwa harusi.

*

Bi Bimkubwa alikuwa amekaa juu ya mbuzi katikati ya ua, anakuna nazi. Kazi ile aliichagua makusudi. Ilimpa sababu ya kuwapo, na ilikuwa na kelele za kutosha watu wawili kuzungumza wakajidanganya kwamba hawasikiki.

"Kaa hapo," alimwonyesha Makame kigoda. "Na wewe, Mwana, toka. Mpaka kwenye mlango, usipite."

Mwanafatuma alitoka. Alijifunga leso mbili, moja kiunoni moja kichwani, akasimama akiushika mwimo wa mlango. Makame hakuwahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mrefu kuliko alivyomkumbuka, na macho yake yalikuwa mekundu. Makame aliyatazama, akainamisha kichwa, kisha akayatazama tena kwa sababu hakuweza kujizuia.

"Bwana Makame, hujambo?"

"Sijambo, Bi Mwanafatuma. Wewe je?"

"Mimi si mzima sana. Nisamehe kwa kukuita. Najua si adabu."

"Umeniita, nimekuja. Hilo limekwisha."

Alitabasamu kidogo, tabasamu likaondoka upesi. "Nataka kukuuliza. Wazee wako waliporudi siku ile ya posa, walikwambia nilisema neno gani?"

"Hukusema neno. Walisema umenyamaza."

"Nilinyamaza kwa nini?"

"Kwa..." Makame aliona haya kulitaja. "Kwa haya. Walisema uliinama kabisa, ukaficha uso. Ami yako Mbwana alisema hajapata kumwona mwanamwali mwenye haya kama wewe."

Mwanafatuma alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa karibu sana na kilio. "Bwana Makame, nilikuwa nahema."

Mbuzi ilinyamaza ghafla. Bi Bimkubwa akakohoa, akaendelea kukuna.

"Ulikuwa unahema?"

"Nimetoka mbio skuli mpaka nyumbani, kwenye mchanga, bila ya kusimama. Naingia mlangoni, pumzi zimekwisha, nimeinama nimeshika magoti yangu kama tunavyofanya tukimaliza, jasho linanitiririka mpaka ndani ya macho. Namwona ami Mbwana mbele yangu na wanaume wawili. Anasema, 'Mwanafatuma, Makame wa Msambweni amekuposa, wakubali?' Nikafungua kinywa nimuulize Makame yupi. Sauti haikutoka. Nikanyanyua mkono, nikitaka angoje. Yeye akasema, 'Basi, basi mwanangu, tumekuelewa.' Akatoka. Nilipopata pumzi vigelegele vilikuwa vishafika msikitini."

Makame aliduwaa. Wiki tatu hizi, kila alipochoka, alikuwa akiitoa picha ile kichwani mwake, binti ameinama kwa haya kwa kusikia jina lake, akaitazama na kupata nguvu. Sasa ilimtoka mkononi.

"Makame yupi," alisema polepole. "Hukuwa unanijua hata kunijua."

"Nilijua kuna fundi Makame aliyenishonea nguo. Sikujua sura yako."

"Basi mbona hukusema? Siku hiyo hiyo, kesho yake, hata mtondo! Wiki tatu, Bi Mwanafatuma! Mama yangu ameshaalika watu mpaka Vanga. Nimeshona kanzu. Mimi kila jioni napita kwa watu wananiita bwana harusi nami naitika kama zuzu!"

"Usinipigie kelele."

"Sipigi kelele!"

"Unapiga," alisema Bi Bimkubwa.

Makame alishusha sauti, lakini hasira haikushuka. "Kama hunitaki, ungesema hunitaki. Mimi ni mtu mzima, ningelia nikanyamaza."

"Sikusema sikutaki!" Sasa Mwanafatuma ndiye aliyepandisha sauti. "Nasema sikuulizwa. Kuna tofauti, Bwana Makame, na kama huioni basi kweli sikutaki. Ningesemaje? Baba yangu ametoka nje mbele ya watu, amepewa mikono, amepongezwa. Nikatoke mimi niseme ami yangu amekosea? Wangesema nini? Wangesema ni hizo mbio, zimempa binti kichwa kikubwa, baba hana tena neno nyumbani kwake. Mzee wa watu amevumilia maneno mengi kwa ajili yangu. Anaambiwa msikitini, anaambiwa gengeni. Hajapata kunikataza. Hilo la kumwaibisha sikuliweza."

Alifuta uso kwa ncha ya leso. Makame alimtazama, na hasira ikaanza kumponyoka. Alikuwa amempenda akiwa mbali, kwenye uwanja, ameshinda. Hakujua kama angempenda zaidi akiwa amesimama mlangoni na pua nyekundu. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Ulikuwa unakimbilia nini siku ile?" aliuliza.

"Mwalimu Mangi, anayetufunza michezo, alipokea habari kutoka Nairobi. Nimechaguliwa timu ya taifa. Jamaika, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Nilikuwa nakwenda kumwambia baba. Nilitaka ajue yeye kabla ya mtu mwengine yeyote." Akaikaza leso yake ya kichwani. "Mpaka leo sijamwambia. Ningemwambiaje? Kambi inaanza Jumatatu ile ile ya wiki ya harusi."

Hata Bi Bimkubwa hakulijua hilo. Nazi ilimdondoka, ikabingirika mpaka kwenye miguu ya kuku, na hakuna aliyeiokota.

"Jamaika," Makame alisema. Hakujua Jamaika iko upande gani wa dunia. Alichokijua ni kwamba binti wa Gazi amechaguliwa katika nchi nzima, na kwamba siku aliyochaguliwa, yeye Makame ndiye aliyesimama njiani. "Subhanallah. Na mimi siku ile nilikuwa nakula halua."

Mwanafatuma alicheka tena, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli. Kilimpendeza Makame mpaka kikamtia uchungu.

"Wataka nifanye nini?" aliuliza.

"Nataka uende kwa baba. Useme wewe, bwana mwenyewe, kwamba wataka niulizwe tena, nikiwa nimekaa, nina pumzi zangu. Nikisema mimi ni utovu wa adabu. Ukisema wewe, ni mwanamume anayetaka uhakika."

"Watanicheka."

"Watakucheka sana."

"Na ukiulizwa, utajibu nini?"

Mwanafatuma alimtazama usoni, na hakuyaondoa macho, ingawa alikuwa mwanamwali na shangazi yake yupo.

"Hilo utalisikia siku hiyo, kama wengine watakavyolisikia. Nikikwambia sasa, utakuwa umekwenda kununua jibu. Mimi nataka uende kuliomba."

Makame aliinuka. Alitaka kusema kwamba hilo ni jambo gumu mno kumwomba mtu aliyeshona kanzu. Alitaka kumweleza habari za uwanja wa Mombasa, na kofia ya yule bwana, na vumbi lisilokuwapo. Badala yake alisema, "Kaptura ile ya buluu, haikubani?"

"Haikubana hata siku moja," alijibu Mwanafatuma. "Niliivaa Kampala pia."

*

Usiku ule Makame alipiga mahesabu yote ambayo mtu anayependa huyapiga. Asipokwenda, Ijumaa ya wiki ya pili angekuwa mume wa Mwanafatuma. Hakuna ambaye angemlaumu, maana mashahidi wapo na sheria ipo. Angekuwa naye nyumbani, angemwona kila asubuhi. Na kila asubuhi yeye angekuwa anajua. Akienda, huenda kesho magharibi akawa hana mke wala heshima. Alijigeuza kitandani mpaka mama yake akagonga ukuta na kumwuliza kama ana kunguni.

Jumapili, baada ya adhuhuri, alishuka Gazi peke yake. Mzee Othman alikuwa kwenye uwanja wake wa boriti, kati ya miti iliyopangwa mafungu mafungu na harufu ya tope la mikokoni, pamoja na mdogo wake Mbwana. Walipomwona mchumba anakuja kwa miguu yake, bila wazee wala mshenga, wote wawili walisimama.

"Shikamoo, mzee Othman. Shikamoo, ami Mbwana."

"Marahaba," alijibu mzee. "Nani amefariki?"

"Hakuna, alhamdulillahi. Nimekuja na ombi." Makame alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yakamkimbia. "Naomba Mwanafatuma aulizwe tena."

"Aulizwe nini?" alisema Mbwana.

"Kama amenikubali."

"Ameshaulizwa! Mimi niliyemwuliza, na mashahidi wawili. Wewe una wazimu? Au umepata kwengine, unatafuta mlango wa kutokea?"

"Sina kwengine, wallahi. Sina kwengine kabisa." Na alivyolisema lile, hata Mbwana aliamini. "Ila nataka kumsikia. Watu wasije wakasema nilimchukua kwa kimya, mtu aliyejulikana mpaka Kampala."

Mzee Othman alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye ndevu nyeupe na mikono migumu. Alimtazama Makame muda mrefu, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Mbwana. Siku ile mimi nilikuwa nje na wageni. Ulipomwuliza, alikuwa amesimama vipi?"

"Kwa haya! Nilikwambia."

"Sikuuliza kwa nini. Nauliza vipi. Nionyeshe."

Mbwana alitazama huku na huku, wafanyakazi wote walikuwa wameacha kazi. Alikuwa bwana mnene, mwenye kitambi cha heshima. Akainama kwa taabu, akaweka mikono juu ya magoti, akainamisha kichwa, akafungua kinywa. "Hivi. Masikini, hata kunyanyua uso hakuweza."

"Na mabega?"

"Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Nikadhani analia kwa furaha."

Mzee Othman alifumba macho. "Mbwana," alisema taratibu, "hivyo ndivyo anavyosimama akimaliza mbio."

"Wewe umejuaje? Hujapata kwenda kumwona hata mara moja."

Mzee alipangusa boriti moja ambayo haikuwa na vumbi. "Nilikwenda Mombasa kupeleka mzigo," alisema. "Nikapita hapo uwanjani. Nilisimama nyuma, kwenye jua, nisionekane. Alipomaliza aliinama hivyo hivyo. Nikataka kuteremka nimshike nikidhani anaanguka. Halafu akanyanyuka akacheka, na watu wote wale wakawa wanamshangilia mwanangu." Sauti yake ilitetereka, akaikaza. "Vaa koti, Mbwana. Twende nyumbani. Na wewe, Makame, twende."

*

Bi Bimkubwa alikuwa ameshafika, bila shaka kwa bahati tu. Makame aliketi barazani na Mbwana. Mlango uliachwa wazi na pazia likateremshwa. Ndani, Mwanafatuma alikalishwa juu ya kitanda cha kamba, akaletewa maji. Baba yake alimngoja ayanywe yote.

"Umepumzika?"

"Nimepumzika, baba."

"Mwanangu, Makame wa Msambweni amekuposa. Mimi baba yako nakuuliza mwenyewe. Wamkubali?"

Kimya kiliingia. Makame alilitazama pazia. Kimya kikarefuka, na Mbwana, kwa mazoea, akainua viganja vya mikono kuanza fatiha.

"Teremsha mikono," mzee alisema kutoka ndani, bila ya kumwona. "Leo nataka sauti."

"Baba," alisema Mwanafatuma, "kuna jambo nilikuwa nakuletea siku ile. Niruhusu nilitoe kwanza." Akamweleza: Nairobi, timu, Jamaika, kambi ya Jumatatu. Aliyasema bila ya kusita, lakini alipofika mwisho sauti ilipungua. "Nilikuwa nakimbia kuja kukwambia wewe. Sikutaka ulisikie gengeni."

Makame alisikia kigoda kinasogezwa, na mtu mzima anapenga kamasi kwa nguvu.

"Huko Jamaika, kuna Waislamu?"

"Sijui, baba. Tutakuwa na mama mmoja mkubwa wa kutuangalia."

"Na magoti?"

"Nitafunika."

"Hata malkia akiwapo?"

"Hata akiwapo."

"Basi nenda," alisema mzee Othman. "Nenda, mwanangu, na uwaonyeshe." Bi Bimkubwa alipiga kigelegele, mzee akamnyamazisha. "Bado hujanijibu la posa."

Makame aliinamisha kichwa. Alijua. Nadhani alijua tangu Msambweni, ila mtu akipenda huwa hajiambii.

"Nikikubali leo, baba, harusi iko palepale, watu wamealikwa mpaka Vanga. Nitaolewa Ijumaa ile na Jamaika nitaisikia redioni. Na sitaki kumpa mtu neno nusu, nusu ndiyo nusu ngoja. Yule bwana amekuja kutaka uhakika." Alivuta pumzi, na kila aliyekuwa barazani aliisikia. "Jibu langu ni hapana."

Mbwana alimtazama Makame kwa huruma ya kweli, akaweka mkono juu ya goti lake. "Pole, kijana. Ungekaa kimya ungekuwa bwana harusi."

"Ndiyo, ami," alisema Makame.

Alisimama. Uchungu ulikuwapo, mzito, umemkaa kifuani, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitegemea. Alikuwa anamwonea fahari. Sauti ile haikutetemeka! Alivyosema ndivyo alivyokimbia, bila ya kuangalia pembeni. Angejutaje kumpenda mtu wa namna ile?

Mzee Othman alitoka, akampa mkono na hakuuachia. "Vitu vyenu vya posa vitarudi kesho. Mama yako atatafuta kwengine, na atapata. Wewe ni kijana mwema. Mimi nimepata hasara leo."

"Mama atanitafutia, mzee," alisema Makame. "Nami nitamwomba asitafute." Akavaa viatu vyake, akateremka barazani.

Alikuwa ameshafika kwenye njia, mbele ya majirani ambao wote walikuwa wamepata kazi ya kufagia wakati mmoja, aliposikia pazia linavutwa.

"Bwana Makame!"

Mbwana alisema astaghfirullahi. Mwanafatuma alikuwa amesimama kwenye kizingiti, na akakivuka, akatoka mpaka ukingoni mwa baraza, kwenye mwanga, mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Naam, Bi Mwanafatuma."

"Nimekukataa mbele ya watu."

"Nimesikia."

"Huna deni kwangu, wala mimi sina haki ya kukuomba kitu." Alikuwa analia waziwazi sasa, wala hakujali kufuta. "Lakini nakuuliza, na wewe ujibu kwa sauti. Utaningoja?"

Fagio zote zilisimama. Makame alimtazama, mrefu, leso imemteremka begani, hakuna tena kitu cha kumzuia kutoka hapo mpaka upande wa pili wa dunia. Na akajibu kwa sauti iliyofika mwisho wa njia, kwa sababu alitaka Gazi yote iwe shahidi.

"Kungoja niachie mimi," alisema. "Wewe kimbia."